Kampuni ya utalii mjini, Upwork au mhariri wa jarida: ukiwa Arusha au Moshi pichi yako uanze kuituma wapi

Wiki iliyopita nilishuka Moshi nikakaa na dogo mmoja wa Rau, kamaliza chuo mwaka jana, anataka aishi kwa kuandika. Kanipa simu yake niangalie, kwenye imeili alizotuma kuna maombi 34 ya kazi na hakuna hata moja lililojibiwa, akaniuliza, "Kaka, tatizo ni Kiingereza changu au?" Nikazisoma moja moja pale tukisubiri mtori. Kiingereza kiko safi kabisa. Tatizo ni kwamba zile imeili 34 ni imeili moja, kaituma kwa kampuni za utalii za Arusha, kwa wateja wa Upwork (tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni) na kwa mhariri wa jarida la Uingereza, neno kwa neno, "mimi ni mwandishi mwenye bidii na naweza kuandika mada yoyote". Sasa hao watu watatu hawasomi kwa macho ya aina moja, hawana shida moja, hata salamu wanayoitegemea ni tofauti, na ndo maana nimeona nizilinganishe hizi njia 3 hapa kwa ajili yake na kwa ajili ya yeyote anayejiuliza aanzie wapi.

Nikisema pichi namaanisha ule ujumbe mfupi unaomtumia mtu ambaye hakujui, unamuuzia kazi ya kuandika au wazo la makala. CV ni kitu kingine kabisa.

Msimamo wangu niuseme mapema usisubiri mwisho. Kama uko Arusha au Moshi na ndo unaanza, anza na kampuni za hapa hapa mjini, mhariri wa jarida muweke kama kazi ya pembeni, pichi moja nzuri kwa mwezi, na Upwork iwe ya tatu. Kuna watu ambao huu mpangilio hauwafai, ntawataja nikifika huko.

Kampuni za hapa mjini

Hapa ndo nitakaa sana maana ndo penye utajiri na watu wengi wanapapita tu. Arusha tembea kutoka Mnara wa Saa mpaka Njiro, au Moshi zunguka tu katikati ya mji, uhesabu vibao vya safari na kupanda mlima. Kila kampuni hapo ina websaiti, na kila websaiti inagombea mgeni yule yule aliyekaa Ujerumani au Marekani anauliza intaneti apande kwa njia gani, aje mwezi gani, abebe nini. Anayeandika majibu ya maswali hayo mara nyingi ni dada wa booking kati ya simu mbili, au yameletwa na mtu aliyetengeneza websaiti ambaye hajawahi kuuona huo mlima kwa karibu. Yaani kazi ipo, ila hakuna anayeitangaza. Unaiona wewe mwenyewe kwa kusoma kurasa zao taratibu.

Mfano wa kweli kabisa, jina la kampuni naliacha. Nilikuwa nasoma ukurasa wa njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, umeandikwa mgeni atalala kwenye hema siku zote. Mtu yeyote wa huku anajua Marangu ndo njia ya vibanda, unalala Mandara, Horombo, Kibo, hema ni za Machame na Lemosho na nyingine. Bila shaka mtu alikopi ukurasa wa Machame akabadilisha jina. Sasa linganisha pichi mbili ambazo ningeweza kutuma. Ya kwanza:

"Habari. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea mwenye uzoefu wa miaka 2. Naandika makala, blogu, maelezo ya bidhaa na posti za mitandao ya kijamii. Ningependa kupata nafasi ya kufanya kazi na kampuni yenu."

Ya pili, ambayo ndo niliituma kwa WhatsApp kwenye namba iliyokuwa chini ya websaiti yao:

"Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu. Naandika kutoka hapa Sakina, ni mwandishi wa makala za utalii. Jana nilisoma ukurasa wenu wa Marangu nikaona panasema wageni wanalala kwenye hema, nadhani yale maneno yalihamia kutoka ukurasa wa Machame. Mgeni anayelinganisha njia mbili anaweza kukwama hapo. Nimeiandika upya ile aya ya kwanza, hii hapa chini, itumieni tu hata tusipofanya kazi pamoja. Kurasa zenu za njia ziko 6, naweza kuzipitia zote kwa wiki 2 kwa laki 3, nusu kabla sijaanza. Naweza kupita ofisini Alhamisi saa 4 tukaongea?"

Angalia ya pili ina nini. Ina salamu na "samahani kwa usumbufu", maana kwa mtu wa hapa ukiruka hivyo umeshaonekana huna adabu kabla hajafika mstari wa pili, na kama unajua mwenye kampuni ni mtu mzima andika shikamoo bila kuona aibu. Ina kosa moja tu. Makosa yalikuwa mengi, ila ukimwagia mtu kumi anajitetea, ukimuonyesha moja na ukamwachia mlango wa heshima, lile neno "nadhani yalihamia", anashukuru. Ina kazi tayari imefanyika kidogo, aya moja, dakika 20 za muda wako. Ina bei, ina siku, ina saa. Habari za mimi ni nani zimekaa kwenye nusu sentensi.

Na hilo la heshima nililipata kwa kuumia. Mwanzoni niliwahi kuandikia ofisi moja "websaiti yenu ina makosa mengi ya lugha", nikaiweka kwenye imeili yao ya jumla, kumbe anayefungua hiyo imeili ni kijana yule yule aliyeandika zile kurasa. Haikujibiwa. Baadaye nilipita pale kwa shughuli nyingine, nikajitambulisha, uso wa yule kijana ukanijibu kila kitu. Alikuwa na haki ya kukasirika, nilimvunjia heshima mbele ya bosi wake bila kujua.

Kitu kingine ambacho wa nje hawezi kukijua ni kalenda. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka Oktoba usimtafute mtu wa utalii kwa habari za websaiti, magari yako porini, simu haziishi. Krismasi mpaka Februari vilevile, watu wanapanda mlima na wengine wako Ndutu, kusini mwa Serengeti. Masika ndo wakati wako, Aprili na Mei, mvua inanyesha, wageni wachache, mwenye kampuni kakaa ofisini anafikiria msimu unaokuja na ana muda wa kunywa chai na wewe. Pichi ile ile niliyoituma Agosti ikapotea, niliirudia Aprili ikajibiwa siku hiyo hiyo. Na mwezi wa 6 kuna maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair, kampuni zinakuwa zimekusanyika sehemu moja, nenda ukaongee na watu, chukua kadi, alafu ile imeili yako ya kesho yake inaanza na "jana tuliongea kwenye banda lenu", hiyo sentensi ina nguvu kuliko uzoefu wa miaka 5.

Ubaya wa njia hii ni pesa kuchelewa. Kuna ofisi moja ilinizungusha miezi 4 kwa kazi iliyokwisha, kila nikipiga naambiwa "tutamalizana". Hilo neno liogope. Toka hapo naandika makubaliano hata kama ni kwa WhatsApp, kazi ni hii, bei ni hii, nusu kwanza, iliyobaki siku ya kukabidhi, na naomba wajibu "sawa" kwa maandishi. Kampuni zilizojipanga kihasibu zitakukata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma na watataka TIN yako, hiyo ni halali, iweke kwenye hesabu unapotaja bei ili isije ikakushtua.

Upwork

Huku hesabu inaanza kabla hujaandika neno. Kuomba kazi unalipa kwa Connects, yaani pointi za kuombea kazi unazonunua, moja ni dola 0.15, na kazi nyingi zinataka kadhaa kwa mpigo. Chukua kazi inayotaka 12, hiyo ni dola 1.80 imeondoka ujibiwe usijibiwe. Maombi 20 ya hivyo ni dola 36. Ukishapata kazi nayo kampuni inachukua chake, toka 2025 makato yanategemea kazi, kati ya asilimia 0 na 15. Ile WhatsApp ya kampuni ya ukurasa wa Marangu ilinigharimu bando tu na aya moja. Kwa mtu anayeanza na hela ya mawazo, hiyo tofauti sio ndogo.

Faida yake na yenyewe ni kubwa nisiipunje. Kwenye kazi ya bei maalum mteja anaweka hela pembeni kabla hujaanza, ukikabidhi na yeye akakaa kimya siku 14 hela inaachiwa kwako yenyewe. Hakuna tutamalizana. Unaitoa kwa Payoneer, huduma ya kupokea pesa kutoka nje, mpaka benki yako. Mi nimefanya kazi na mtu ambaye mpaka leo sijui sura yake na sijawahi kumdai.

Ila pichi ya huku ni kitu kingine kabisa. Mteja anafungua orodha ya maombi, pengine 50, na kwa kila mmoja anaona mistari kama miwili ya mwanzo kabla hajabonyeza. Ile salamu ndefu iliyokupatia chai ofisini Arusha huku inakula mistari yako yote miwili. Tuseme mteja anataka makala kuhusu kwenda Serengeti Februari kuona nyumbu wakivuka mto. Watu 40 wataanza na "nimesoma tangazo lako kwa furaha kubwa". Wewe anza hivi: "Februari nyumbu hawavuki Mto Mara, wako kusini huko Ndutu wanazaa. Naishi Arusha, naweza kukuandikia makala itakayomwambia mgeni hilo na bado atake kuja." Mistari miwili, umemuokoa asichapishe kosa, na kaelewa papo hapo kwamba uko mahali ambapo wale 40 wengine hawapo. Jina lako na salamu vitakuja chini.

Umeona ni kitu kile kile cha Marangu? Mtu wa Manila au Mumbai anaandika Kiingereza kizuri kuliko mimi na anaweza kukubali bei ndogo, na siku hizi programu za akili mnemba zinamtolea mtu yeyote pichi laini kwa sekunde 10, ndo maana maombi yote yananukia sawa. Kitu ambacho wao hawana ni kuwa hapa. Wewe unaweza kupanda kifodi (daladala) asubuhi ukaenda kuangalia kitu kwa macho, ukarudi ukaandika.

Sasa wale niliosema huu mpangilio wangu hauwafai. Kama wewe ni nesi, mhasibu, mtu wa maabara, fundi wa programu za kompyuta, yaani una taaluma ambayo mteja wa nje anaitafuta kwa jina, Upwork inaweza kuwa ya kwanza kwako, kwa sababu unaomba kazi chache sana za fani yako na waombaji ni wachache. Dada mmoja ninayemfahamu Moshi ni nesi, anaandika maelezo ya wagonjwa wa kisukari, ameomba kazi 5 tu akapata 2. Angeenda kwa kampuni za mlima angepoteza muda. Na Fiverr, tovuti nyingine ya kazi za mtandaoni, kwa ufupi, kule hupeleki pichi, unaweka bango unasubiri, wanakata asilimia 20, kwenye dola 100 unabaki na 80, kwa hiyo kwa hili tunaloongelea siiweki kwenye mizani.

Mhariri wa jarida

Hii ndo ngumu na ndo naipenda. Mhariri hanunui huduma yako, ananunua hadithi moja. Kosa la kwanza la karibu kila mtu, na dogo wa Rau yumo, ni kumpelekea mada. "Naomba kuandika kuhusu kahawa ya Kilimanjaro" ni mada, angeweza kuiandika mtu yeyote popote. Hadithi inaonekana hivi, nimeitunga kwa mfano:

"Kwenye kihamba (shamba la familia) kimoja Uru, mzee amekata mibuni aliyoachiwa na baba yake akapanda parachichi. Mwanae wa kike amerudi kutoka mjini na anataka kuirudisha kahawa. Kwenye ekari hiyo moja familia inabishana jambo ambalo mteremko mzima wa mlima unabishana, zao la babu au zao lenye soko la sasa. Nitaongea na wote wawili, na mnunuzi wa parachichi, na kiongozi wa chama cha msingi cha kahawa. Maneno 1,500, kabla msimu wa kuchuma haujaanza. Naishi Moshi, kilomita chache kutoka hapo, na naongea Kichaga."

Hapo kuna watu, kuna ugomvi, kuna wakati, kuna nani utaongea nao na kwa nini wewe. Yote hayo kwenye maneno 200 mpaka 300, sio zaidi. Kichwa cha imeili andika PITCH alafu wazo lenyewe kwa ufupi, kama jarida lina maelekezo yake kwa waandishi yafuate hata kama yanakuchosha, na tafuta jina la mhariri wa hiyo sehemu, usiandike kwa "ndugu mhariri". Salamu ni "Habari" na jina lake, unaingia kwenye kihamba.

Usiandike makala yote kwanza ukaituma. Wanaoanza wanaona ndo kujituma, kumbe unamnyima mhariri nafasi ya kusema "nataka lakini umuweke zaidi yule binti", na ikikataliwa umechoma wiki 3. Ila usitume pichi ya mtu ambaye hujaongea naye. Nenda Uru kwanza, kunywa naye mbege, muulize kama atakubali kuandikwa, omba ruhusa vizuri maana ni familia ya watu na ugomvi wao, alafu ndo uandike pichi. Hapo ndo gharama ya njia hii ilipo, nauli na siku nzima kwa imeili moja.

Kama unataka kuona pichi za kweli zilizokubaliwa, The Open Notebook, tovuti ya waandishi wa sayansi, wana mkusanyiko wa pichi zilizofanikiwa, unasoma bure. Mi nilisoma kama 15 kwa usiku mmoja na nikaona aibu ya zile nilizokuwa natuma. Na kama unapenda mambo ya mazingira, Mongabay wanapokea pichi za waandishi wa kujitegemea, na huku kwetu kuna mlima, misitu, mifongo (mifereji ya asili) ya maji na mbuga, yaani umezungukwa na hadithi.

Pesa ya jarida inaweza kuzidi ile ya kurasa 6 za kampuni, ila majibu ni adimu na malipo mara nyingi yanakuja makala ikishachapishwa, yaani miezi. Uliza kabla ya kukubali, inalipwa lini, kwa njia gani, na wakiiagiza alafu wasiichapishe unapata kiasi gani. Njia ya malipo usiifanye mwisho, kuna watu wanajua PayPal tu na kwa Tanzania kupokea kwa PayPal kumekuwa shida, mwambie mapema kama ni Payoneer au benki.

Wakikaa kimya

Hapa ndo wengi wanaachia, na njia hizi tatu zinaachana vibaya. Kampuni ya mjini, siku 4 au 5, alafu pita mwenyewe mguu kwa mguu, "nilikutumia ujumbe Jumatatu, nimeona nipite nikusalimie". Usiende saa ambayo wageni wanapokelewa. Mhariri, mpe wiki 2, mtumie mstari mmoja juu ya imeili ile ile, na ukikosa jibu wiki nyingine peleka hadithi kwa jarida lingine bila kinyongo. Usiitume kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja labda uwaambie wote. Upwork hakuna cha kufuatilia, imepita hiyo, angalia tangazo lingine.

Yule dogo zile 34 tumeziacha zilivyo. Nilimuuliza wiki hii umeona nini kwa macho yako ambacho mtu wa Ulaya anayepanga safari angetaka kukijua, akafikiri, akasema Jumamosi alimsindikiza binamu yake ambaye ni mgumu (porta wa mlima) mpaka geti la Machame, akaona wageni wamekaa zaidi ya saa nzima wanasubiri mizigo ipimwe na hakuna aliyewaambia waje na kitu cha kula. Nikamwambia hiyo ni makala, na ni pichi. Kachagua kampuni 3 za Moshi ambazo kurasa zao za siku ya kwanza ya Machame hazisemi lolote kuhusu huo muda, ameshaandika aya ya mfano kwa kila moja, zote tofauti, na anazituma Jumatatu saa 3 asubuhi.